Mavyaa Wangu Jukwaani

Darsait, Maskati
Mwisho wa Januari

Kwa dada yangu mpenzi Thuwaiba,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu kwa mapenzi yangu yote, wewe na shemeji na watoto, na nnamuomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute goti limeshapoa na unapanda ngazi zako bila ya kumshika mtu. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Khalil anakusalimu sana. Binti yetu Noof amerefuka hata nguo zake za Idi zimeshapanda juu ya vifundo vya miguu. Baridi mwaka huu imeingia kweli, tunalala na mablanketi, na mimi soksi nnazivaa mpaka jikoni.

Umelalamika kwamba mwezi mzima ukinipigia simu sipokei, na nikipokea nnahema kama niliyekuwa nikikimbia. Nilikuona una haki ya kujua, na habari yenyewe haitoshi kwenye simu. Nilikuwa kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Wallahi, mimi Mahbuba. Cheka kwanza, kisha uendelee kusoma.

Mambo yalianzia kwa mwalimu wa Noof wa Kiarabu, binti mmoja anaitwa Mazoon. Kazaliwa hapa hapa lakini kalelewa na bibi yake, na Kiswahili chake ni cha Unguja kabisa. Likizo ya katikati ya mwaka ukumbi wa skuli unabaki mtupu, basi akaomba ruhusa wanafunzi na watu wao wa nyumbani waonyeshe mchezo humo, kwa lugha yetu hii ya kuchanganya, Kiswahili na Kiarabu. Mchezo aliutunga mwenyewe: nyumba moja, bibi mmoja asiyeridhika na kitu, mwanawe, na mkaza mwana wake. Alitaka kina mama wenyewe wacheze sehemu za kina mama. Alisema msichana mdogo akipakwa unga kichwani ili awe bibi, watu huucheka ule unga na maneno hawayasikii.

Noof akanitaja mimi bila ya kuniuliza. Nilikataa, nikanuniwa siku nzima, nikakubali. Noof mwenyewe akapewa kuwa mume wangu, na masharubu ya wanja. Sehemu ya mavyaa ilichukuliwa na mama yake Yaarub wa Hamriya, mwanamke mkunjufu, tukacheka naye wiki ya mwanzo. Halafu akapata safari ya umra, akaondoka, tukabaki hatuna bibi.

Tulikuwa tunakula chakula cha mchana Noof alipolieleza jambo hili karibu na kulia. Bi Sayyida, mama yake Khalil, alikuwa anachambua miba ya samaki wake, hakuinua hata kichwa. Akasema atacheza yeye. Khalil alipaliwa na maji, ikabidi nimpige mgongoni.

Huna haja ya kuelezwa, dada, yaliyoko baina yangu na Bi Sayyida. Tangu nilipoingia nyumba hii sijainjika chungu asikifunue. Wali wangu ni uji. Chai yangu ni maji ya kunawia mikono. Wanawake wa kwetu Vikokotoni wanajua kuvaa, kupika hawajui. Hilo kalisema mbele ya wageni mara nyingi, hata wageni wengine wanalimaliza wao. Wewe ulikuwa ukinambia nimjibu, nami nikikwambia kwamba maneno yananiganda kooni. Mama yake Khalil, nitamjibu nini? Nilikuwa nnameza, nnakwenda kukosha vyombo.

Basi fikiria moyo wangu ulivyokuwa nilipoambiwa nitasimama naye mbele ya watu, anitukane kwa ruhusa ya skuli.

Lakini lazima niseme ukweli: hakuna aliyefanya bidii kumshinda. Herufi za Kizungu hazimpi raha kuzisoma, kwa hivyo Noof alimsomea, naye akashika kwa moyo. Nyumba nzima ikawa mazoezi. Nikipita ukumbini namsikia anamfokea mto wa kochi. Siku moja aliniingilia jikoni, akanishukia kwamba bizari nimeiunguza, na mimi kwa kweli sikujua kama ni mchezo au ni yeye. Nikamuuliza. Akanitazama akanambia, “Hii ya kweli. Ile ya mchezo ina maneno mazuri zaidi.” Nilitoka nje kwenda kucheka asinione.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, baada ya Magharibi. Watu walikuja mpaka viti vikaazimwa madarasani. Walitoka Hamriya, walitoka Ruwi, na binamu zake Khalil wa Qurayyat walikuja familia nzima, na nguru wawili kwenye barafu kama kwamba tunaoa. Khalil alikaa safu ya mbele na simu mkononi, anapiga picha za pazia.

Tulianza vizuri. Bi Sayyida alipoingia na kanga zake, watu walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Tukafika pale ninapomletea sinia, naye aonje, kisha atoe ile hotuba yake ndefu ya kunivunja. Alichukua kijiko, akaonja, akainua kichwa. Nadhani ndipo alipowaona watu, ule umati wote unamtazama yeye. Akanyamaza. Mazoon alimtajia maneno kutoka nyuma ya pazia, lakini upande ule sikio lake ni zito. Mtu ukumbini akakohoa.

Sitakuficha. Kitu cha kwanza kilichonipitia kilikuwa raha. Mwanamke aliyenitahayarisha mbele za watu miaka yote, leo watu wanamtazama naye hana la kusema. Nikamtazama usoni. Alikuwa hamtafuti Mazoon, alikuwa ananitafuta mimi, kwa macho yale yale ya Noof alipokuwa mdogo, tulipopoteana naye sokoni Matrah na akaniona kwa mbali.

Nikaliweka sinia chini nikasema kwa sauti, “Najua, mama. Utanambia wali wangu uji.”

Mtu akacheka. Bi Sayyida akanikodolea macho. Nikaendelea: “Na chai yangu utasema maji ya kunawia mikono. Na wanawake wa Vikokotoni wanajua kuvaa, kupika hawajui.”

Hapo kina mama wakaangua kicheko, maana kila mmoja alikuwa na mavyaa wake kichwani. Maneno hayo hayakuwamo kwenye mchezo, dada. Ni yake mwenyewe, niliyoyabeba miaka yote, nikamrudishia moja moja apate pa kushika. Na alishika! Alikitupa kijiko kwenye sinia, akavuta kanga begani, na sauti ikamrudia nzima: “Usiniibie maneno yangu! Na chumvi je? Mbona chumvi hukuitaja?”

“Chumvi kamuulize mwanao,” nikamwambia, “anakula sahani mbili!”

Ukumbi ukaripuka. Tukagombana pale pale, mimi na yeye, hakuna hata neno moja la Mazoon. Akisema, nnajibu. Kila kilichonikaa kooni kilitoka, kwa adabu zake lakini kilitoka, na yeye anapokea, anarudisha, macho yanamng’ara kama msichana. Noof akaingia na masharubu yake, akasahau maneno yake yote, akabaki kuuliza tunagombania nini. Tukamgeukia pamoja, kwa mkupuo mmoja: “Hayakuhusu!”

Watu walisimama. Walipiga makofi mpaka pazia likafungwa na likafunguliwa tena. Khalil alikuwa analia na kucheka, picha hakupiga hata moja. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuja kumbusu Bi Sayyida mkono, na Bi Sayyida akaninyooshea kidole akamwambia, “Mkaza mwana wangu huyu.” Dada, nilivimba kwa fahari, buibui likanibana. Nilimuonea fahari yeye, nikajionea fahari mimi, na sikujua ipi kubwa.

Sasa kuna jambo sikukwambia wewe wala mtu yeyote. Tangu Idi mimi na Khalil tulikuwa na mpango wa kuhama. Nyumba tulishaipata Amerat, na funguo tulishapewa. Tulikuwa tunangoja likizo imalizike ndipo tumwambie mama yake.

Kumbe anajua. Tulipokuwa peke yetu darasani, nnamvua viatu, alinambia kwamba alimsikia Khalil juu ya dari akizungumza na mwenye nyumba ya Amerat. Akasema kutuomba tusiende hakutaka, kwani mtu mzima kuomba kunachukiza. Ila alipoambiwa mchezo umekosa bibi, alihesabu kwamba atapata kukaa na mimi kila siku mahali ambapo hapana jiko baina yetu. Alikuwa anatazama miguu yake aliponambia hayo.

Nilikaa naye chini nikamwambia kwamba mbele ya wageni asinitie aibu tena, na kwamba chungu nikishakiinjika mimi, asikifunue. La wageni alikubali papo hapo. La chungu alisema atajitahidi.

Khalil amezirudisha zile funguo. Najua utakasirika, utasema nimelainishwa na machozi ya bibi kizee. Hakulia, na mimi sibaki kwa kumuonea huruma. Nnabaki kwa sababu sasa nnaweza kumjibu. Jana alinifunulia chungu, nikamwambia, “Mama, ulisema utajitahidi.” Akafunika.

Noof anakubusu mikono. Bi Sayyida naye anakusalimu, na ameniagiza nikuandikie hivi hivi: ukija kututembelea, utapikiwa na yeye. Nisalimie wote wa Vikokotoni, mkubwa kwa mdogo, na wale majirani wanaoniuliza. Mungu akuhifadhi, akupe afya, na atukutanishe kwa kheri.

Mdogo wako akupendaye,
Mahbuba