Salamu Nilizozikata

Kaka Masanja,

Nakuomba kwanza, haya usimwambie mtu. Hata hao uliowakuta huko. Nakujua ulivyokuwa na maneno. Ulikuwa unamsimamisha mtu usiyemjua barabara ya Idete na mnaishia kunywa maziwa kwake. Safari hii nyamaza. Ukishasikia, iwe kama hukusikia.

Tangu pikipiki yako iteleze kwenye lile daraja la mbao ukatutoka, mezani kwako wameweka mashine ya kuchapia. Kofia yako ya pikipiki iko juu ya kabati langu la hapa ofisini, tope halijatoka. Mimi bado ndiye mtunza data wa mradi hapa chuoni, bado narudi kuhakikisha kama mlango nimeufunga. Ungenicheka: "Mdogo wangu, wewe ungefungia hata kivuli chako."

Ni ile kazi yako ya kuwahoji wafugaji inayoninyima usingizi. Kila kaya, kabla ya kuwasha kinasa sauti, uliwaambia majina yao hayatatoka nje ya ofisi yetu. Wasukuma wenzako wakakuamini. Wakasema wanakopitisha ng'ombe wakati wa kiangazi, na nani anayewafungulia njia. Kwenye maandishi nilibadilisha kila jina kuwa namba, nikajiona nimemaliza.

Kisha Daktari, mkuu wetu wa mradi, akaniita. Kuna wageni wanaoshughulikia kuondoa mifugo bondeni. "Maandishi wanayo," akasema. "Sasa wanataka sauti. Zote, kama zilivyorekodiwa." Nikauliza kama ahadi yetu kwa wale wazee inaruhusu.

"Wewe ni karani. Nani amekufanya hakimu? Na mkataba wako unaisha lini vile?"

Nikavaa visikilizio, nikaanza kuzisikiliza. Kaka, ulisahau kitu. Au hukusahau, hukuweza tu. Kwenu mzee hapitwi kwa shikamoo tupu. Kila mazungumzo yanaanza na wewe ukimwamkia mtu kwa jina lake, la baba yake, la babu yake. Unauliza yule dume mwenye pembe iliyopinda amepona? Binti aliyeolewa Mang'ula amejifungua? Wanajibu, mnacheka. Mzee mmoja anakutania, "Masanja, unanenepa kwa maneno yetu!" Kisha unakohoa, na sauti yako ya ofisini inaanza kusoma maswali. Kwa mtu anayewatafuta, salamu zile ni kumshika mkono hadi mlangoni kwao.

Nikazikata. Zote, hata kwenye nakala za akiba. Na ndani, kila lilipotajwa jina, nikaliziba. Hiyo ndiyo ahadi waliyoiwekea dole gumba, kwa hiyo nilikuwa na haki. Mikono yangu haikujua kama ina haki. Sauti ya mtu yenyewe sikuweza kumvua, na hilo linanitisha mpaka sasa.

Daktari alizisikiliza mbele yangu. "Mbona zote zinaanza katikati?" Nikamjibu ndivyo tulivyowaahidi. Hakufoka. Alisema tu, "Tutaongea." Tangu hapo viatu vikipita koridoni, naacha kupumua.

Halafu akaja shemeji Kabula, na mtoto mgongoni. "Naambiwa sauti ya mume wangu iko kwenye kompyuta yako. Niwekee, shemeji, huyu asije akamsahau baba yake."

Nilitafuta. Kaka, nilitafuta. Yalikuwa yamebaki maswali. Nikamwekea swali lako moja, nikasimamisha kabla ya jibu: Una watoto wangapi? Wanaishi na wewe?

Alisikiliza, akavua visikilizio taratibu.

"Huyu si Masanja," akasema. "Huyu ni mtu wa ofisi."

Mtoto, pale mgongoni, alikuwa ameifikia kofia yako juu ya kabati, anabandua tope kwa kucha. Sikuthubutu kumwambia mama yake kwamba Masanja mwenyewe nilikuwa naye, anacheka masikioni mwangu, na mimi ndiye niliyemfuta.

Nisamehe. Nakuahidi hivi: wakiniondoa, nitaondoka bila kutaja hata mmoja. Majina yote niliyasikia, na kichwani hakuna pa kubonyeza yakafutika. Nitakaa nayo. Siku moja, mtoto akikua na bonde likitulia, nitamsimulia ulivyokuwa unaamkia watu. Nitamwigizia kicheko. Majina nitayaruka.

Pumzika, kaka. Ukitaka kunipata usije nyumbani, mwenye nyumba anauliza sana. Njoo ofisini mchana, wenzangu wakienda kula. Dirisha la upande wa mashamba ya mpunga naliacha wazi kidogo. Kohoa kama ulivyokuwa unakohoa kabla ya maswali, nitajua ni wewe.

Ila usinisalimie kwa jina.