Muke Mwenzangu ni Jiwe

Kolwezi, Dilala

Yaya yangu, dada mukubwa,

Munaamkaje huko Kalemie? Maguu ya mama ingali inamuuma? Sisi huku mwili iko muzima, batoto banasoma, bukari ya kula haikosi. Ni roho tu inaniwaka, na nisipokuandikia wewe, nitaambia nani?

Mi niko na wivu, yaya, na usicheke. Muke mwenzangu ni jiwe.

Unajua bwana yangu anaendesha kamio, ile lori ya bale bazungu banaotafuta mawe. Balirudi toka pori na jiwe yenye mifupa ya nyama ndani, munyama wa zamani. Kichwa bapa sawa sinia, macho juu kabisa kama ya chura, lakini mukia murefu. Banasema haikuwa chura wala mamba, iliishi mu maji na inje, na jamaa yake yote ilikufa zamani sana, mbele ya mutu wa kwanza kuzaliwa. Balimwachia bwana aisafishe, juu mukono yake ni mwepesi, haivunje kitu.

Basi akitoka kazi, hata kuvua biatu hapana. Anakaa pa baraza na brosi ya meno, anapuliza vumbi, anaibembeleza: «Polepole, mama, usivunjike.» Mi ananiita «wewe». Siku ya Mungu nilisuka nywele, nikavaa, nikasimama mbele yake. Akasema, «Sogea, unanikinga mwangaza.»

Na kile kitenge ulinipa siku ya ndoa, nilikuta amefunikia jiwe. Eti baridi itaipasua. Na miye mwenye mimba, baridi hainipasui?

Sasa bazungu banataka aende na jiwe Lubumbashi, akae huko mupaka mvua iishe. Amekubali mbele ya kuniambia. Mutoto atazaliwa mu hiyo mvua.

Nisalimie mama, na baba mudogo anayemuletea kuni, na shemeji, bwana yako. Nilitaka kufunga barua hapa, lakini ngoja nikuambie ya jana.

Jirani balikuja kuangalia. Bwana akabaonyesha meno ya ile nyama moja moja: hii ilivunjika ikingali hai, hii ilikuwa inaota. Balipoondoka nikafunika kinywa na mukono. Nikamuuliza, «Na miye, jino gani ilinitoka nikizaa mutoto yetu wa kwanza?»

Aliniangalia sana, yaya. Kisha akasema, «Kuko jino ilitoka?»

Mwambie mama ninakuja kuzalia kwake.

Ni miye, mudogo yako