Ukanda wa Kushoto wa Trei

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi ukungu, baadaye jua jembamba lisilokausha kitu. Nguo za jana bado mbichi kwenye kamba.

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute umekaa, ikiwezekana na kikombe cha chai mkononi, maana nina mengi. Kikohozi kimekuacha? Uliandika kwamba hapo kazini kwako kuna dirisha lisilofungika na upepo unakupiga mgongoni kutwa, nikawaza kukutumia ile sweta yangu ya kijivu. Bado nawaza. Shemeji yako mzima, mguu umepoa, sasa anapanda ngazi bila kugumia kwenye kila kipago. Mimi pia mzima, afya sina la kulalamika.

Nianzie jikoni, kwa kuwa ndiko mambo yote yalikoanzia. Oveni yangu unaijua. Ni kuukuu, na pembe yake ya nyuma kushoto ina moto wa peke yake, kama mtu mwenye hasira zisizoelezeka. Unakumbuka ulivyokuwa umekaa kwenye kigoda pale mlangoni, wewe unamenya matufaha, mimi nasugua siagi kwenye unga mpaka iwe chenga. Nusu ya chenga nazikandamiza chini ya trei, juu yake matufaha yaliyokatwa madogo na kuchanganywa na sukari guru, mdalasini, kungumanga kidogo, na karafuu ya unga isiyozidi ncha ya kisu. Kisha chenga zilizobaki juu. Dakika ya kumi na nane nageuza trei. Hata nikigeuza, upande wa kushoto, upana wa vidole viwili, lazima uungue.

Trei tisa niliziharibu kabla ya kupata ile iliyonyooka. Siku nilipoipata, tarehe 2 Novemba, niliandika kila kitu kwenye shajara yangu, vipimo na dakika, na mwisho nikaandika: "Kata ukanda wa kushoto, vidole viwili, tupa." Sikuandika kwa nini. Shajara ni yangu, nijieleze kwa nani?

Tangu siku hiyo, kila Jumanne na Ijumaa, trei zangu mbili zilikwenda kwenye mgahawa wa chuo. Mwenye mgahawa ni yule tunayemwita Bwana Vikombe kwa jinsi anavyovifuta vikombe vyake hata vikiwa safi. Walimu walizoea. Mwalimu wa hesabu alisema Jumanne ndiyo siku pekee asiyomfokea mwanafunzi kabla ya saa nne. Nakwambia kweli, mdogo wangu, katika maisha yangu hakuna kitu kingine nilichofanya kwa mikono yangu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, watu wakakiulizia kwa jina langu. Shule niliishia kidato cha nne, kazi za ofisini zikanipita. Vile vipande vya tufaha ndivyo vilivyonifanya mtu.

Jumanne ya tarehe 4 Machi nilifika na trei zangu, Bwana Vikombe akanikwepa macho. Akavuta kikombe, akakifuta, akakiangalia ndani kama kimeangukiwa na kitu. Mwisho akasema kwamba wiki ile hatachukua zote mbili, atachukua moja, kwa sababu kuna mwingine ameanza kumletea vipande vilevile. Nikacheka, nikamwambia vilevile havipo. Akafunua kitambaa.

Rangi ileile. Chenga zilezile. Nikauma, na mdalasini wangu ukanijibu mdomoni. Lakini hicho kingeweza kuwa bahati. Kilichonitoa jasho ni trei yenyewe: ilikuwa imekatwa ukanda wa kushoto, vidole viwili. Nikainama kuangalia. Pembeni hapakuwa na weusi hata chembe, trei imeiva sawasawa kila upande. Nikamuuliza huyo mwokaji wake ana oveni gani. Akasema mpya, ya umeme, na kwamba hata yeye amemuuliza kwa nini anatupa ukanda mzima ambao ni mzuri, mama wa watu akajibu, "Ndivyo inavyotakiwa."

Huyo mama wa watu alikuwa wifi yangu, dada wa shemeji yako. Karani wa chuo, mwanamke wa kufuata kanuni, anayesoma maelezo ya dawa mpaka anwani ya kiwanda. Tena daktari alishamkataza sukari, kwa hiyo anachooka hata haonji. Anafuata maandishi tu. Na maandishi yale yalikuwa sehemu moja tu duniani: kwenye shajara yangu, ndani ya droo ya cherehani, chumbani.

Sikumwendea. Wewe unanijua, mimi si wa kupiga kelele barazani. Niliporudi nyumbani niliandika tarehe, nikaandika nilichokiona, nikapiga mstari chini yake. Kila Jumapili wifi alikuja kumwona kaka yake, akakaa kwenye kochi, akauliza hali ya mgongo wangu kwa huruma iliyonichoma kuliko tusi. Nikamkaribisha chai. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Shemeji yako alisema siku hizi tumependana kama pacha.

Nilikuwa nahesabu. Wifi haingii chumbani kwangu, hafiki popote zaidi ya sebuleni. Kwa hiyo kuna mtu aliyeifungua ile droo na kumpelekea. Katika mwaka mzima ni watu wawili tu waliowahi kubaki peke yao na cherehani ile. Mmoja ni jirani yetu fundi wa nguo, aliyekuja kuitumia wiki mbili yake ilipoharibika. Wa pili nitakuja kumtaja.

Mwezi wa Mei Bwana Vikombe alituita sote wawili. Mkuu wa chuo anastaafu, kutakuwa na chai ya wageni themanini, na yeye amechoka kugawa moyo mara mbili. Kila mmoja alete trei moja Ijumaa ya tarehe 6 Juni, saa nne, kwenye chumba cha walimu. Trei itakayoisha kwanza ndiyo itakayochukua sherehe ile, na mgahawa moja kwa moja. Nyingine ikae kwao. Wifi akaitikia kwa kichwa, akaandika kwenye kijitabu chake. Mimi niliona giza. Kama angenishinda kwa vipande vyangu mwenyewe, ningebaki nani?

Ndipo nikatega. Jirani fundi nilimwendea Jumatatu, nikamnong'oneza kwamba nimepata njia ya kumshinda kila mtu: ganda la chungwa lililokwaruzwa, nusu kikombe. Huyo wa pili nikampa siri nyingine kabisa. Siri ya kwanza haidhuru. Siri ya pili ilikuwa ni kubadilisha karafuu: badala ya ncha ya kisu, kijiko kikubwa kizima kilichojaa. Kisha nikakaa nikasubiri kuona trei ya wifi itanukia nini.

Ijumaa ilifika. Trei mbili mezani, sahani ndogo kando, walimu wamesimama na vikombe. Wifi amevaa lile gauni la bluu la kwendea mikutano. Ukanda wake wa kushoto ulikuwa umekatwa, nikauona toka mlangoni. Nikapita karibu kana kwamba naenda kuchukua chai, nikavuta pumzi. Chungwa halikuwepo.

Mkuu wa chuo, kwa heshima, alianzia kwa wifi. Kipande cha kwanza akakimaliza kwa adabu. Alipotaka kushukuru, ulimi ukagoma kwa ganzi ya karafuu. Akasema neno, likatoka nusu. Akajishika shavu, akajaribu tena, likatoka robo. Mwalimu wa hesabu, ambaye alishakula viwili kwa pupa, akauliza kwa mdomo uliopinda kama wamealikwa kula au kung'olewa jino. Katibu akaomba maji, maji yakamtoka pembeni bila habari. Ndani ya dakika tano chumba kizima kilikuwa kinaongea kama watoto wachanga, huku trei yangu ikibaki chenga tupu.

Nisikufiche: nilifurahi. Niliangalia uso wa wifi ukishuka kidogokidogo kama unga unaokosa hamira, nikaona kila Jumapili ya kochi ikilipwa. Niliondoka bila kuaga. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu, mwuza magazeti akanipisha.

Wifi alikuja juzi, Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Hakukaa kwenye kochi. Alinifuata jikoni, akasimama palepale ulipokuwa ukikaa wewe, mkononi ana karatasi mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, maneno yangu nimeyapanga. Akaniuliza swali moja tu, taratibu, kama anauliza njia.

"Wifi, nilikukosea nini? Mimi nilijua umenipa kwa moyo wako."

Nikamwuliza nimempa nini. Akaniwekea karatasi mezani. Akaeleza kwamba mwezi wa pili aliambiwa mgongo wangu umenishinda, nataka kuacha kuoka, na sitaki jambo hili litajwe mbele yangu kwa sababu naona aibu. Ila ningependa kazi ibaki kwenye familia, kwa hiyo nimemtuma mtu amletee yeye. Ndiyo maana kila Jumapili aliniuliza mgongo. Ndiyo maana alinyamaza. Aliponiona bado napeleka trei mgahawani alidhani najikaza, akaogopa kunitonesha. Na kwa shukrani alimwandikia yule mtu barua ya udhamini kwa mkuu wa tawi la chuo, mji ule mwingine, akapata kazi ya mapokezi.

Karatasi ya kwanza ni mapishi yangu ya tarehe 2 Novemba, neno kwa neno, mpaka ule ukanda. Ya pili ilifika kwake mwezi uliopita kwa posta. Inasema karafuu, kijiko kikubwa kilichojaa, "dada amegundua hii juzi, ameniambia mimi peke yangu."

Naam. Nilikuambia wewe peke yako. Barua yangu kwako ni ya tarehe 20 Mei, nimeiandika kwenye shajara, nakala ninayo. Mwandiko kwenye karatasi zile mbili niliufundisha mimi, nikiushika mkono wako, kwenye meza hii ya jikoni.

Sasa na mimi nikiri langu. Nilipoandika barua ile ya karafuu sikuamini ni wewe. Nilikutumia ili nikufute kwenye orodha, nimalizane na fundi wa watu. Wifi alipoitandaza ile karatasi nilisoma mstari mmoja, nikashindwa kuendelea. Nimemwadhiri mbele ya wakubwa wake mwanamke ambaye hakunikosea kitu, na uliyemweka yeye mahali pako, alipie kosa lako, ni wewe. Nimemwomba radhi. Aliitoa kwa shida, na ana haki. Tangu juzi tunaoka pamoja kwenye oveni yake, kwa ajili ya wageni wale themanini. Nilipomwambia kwa nini ukanda ulikuwa unatupwa, alikaa chini akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikupambanua.

Aliniuliza kama aifute barua ya udhamini. Nikamwambia aiache. Endelea kukaa hapo mapokezi, upokee watu vizuri. Ila mama yetu amewaambia ndugu wote, na wanaopita mlangoni pia, kwamba kazi ile umeipata kwa akili yako bila kubebwa na mtu, na kwamba mimi dada yako ningejifunza kwako. Mama anastahili kujua imetoka wapi. Barua hii nimeiandika mara mbili, herufi kwa herufi, pamoja na nakala za karatasi zote mbili. Ya kwake naitanguliza leo, hii yako itafuata. Wakati unasoma hapa, ameshamaliza.

Usinijibu mimi. Mjibu yeye.

Shemeji yako anakusalimu, hajui lolote, nitamwambia kesho tukiwa tunakunywa chai. Wifi hajatuma salamu. Funga dirisha hilo kwa kipande cha boksi, upepo ni mbaya kwa kifua.

Ni mimi,
Dada yako mkubwa.

Jumapili asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jana nilizima taa saa tatu kasoro dakika kumi, nikalala usingizi mmoja mpaka asubuhi.