Zamu ya Maji ya Eliamini

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, na mvua za huko Mbinga zimeyaonea huruma mahindi yako? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechoka. Makande ya Wapare nimeyazoea hadi nimenenepa, ukiniona utanicheka.

Huwa unaniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Niko na kikundi cha watu wazima wenye ulemavu wa akili, huku milimani juu ya Same. Siwafundishi kusuka mikeka wala kufuga kuku. Nawasindikiza wajisemee wenyewe: nyumbani, kanisani, kwenye mikutano. Sehemu kubwa ya kazi ni kukaa na kufunga mdomo. Wewe unayenijua, pima mwenyewe inavyonitesa.

Yupo mmoja anaitwa Eliamini, mtu mzima mwenye mvi. Maneno yake huja polepole, moja moja. Huku kuna mabwawa ya udongo yaliyoachwa na wazee, yanaitwa ndiva; maji hukusanyika usiku, mchana yanafunguliwa mashambani kwa zamu. Anayekwenda msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva, ndiye anayepewa zamu. Eliamini hakosi msaragambo, lakini zamu hajawahi kupewa. Anahesabiwa chini ya kaka yake. Safari hii alilima kipande chake mwenyewe cha mahindi, akasema atadai zamu kwa mdomo wake. Tulifanya mazoezi kikundini mpaka wenzake wakawa wanamsahihisha.

Siku ya mkutano akasimama. "Mimi..." akasema, kisha kimya. Watu wakageuka kunitazama mimi. Nikatazama chini, maana ndivyo alivyotaka: nisimsemee. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kile hakikuwa na mshindo wowote. Mwenyekiti wa maji akangoja kidogo, akasema, "Haya, kaa baba, tumekuelewa," akaingia kwenye jambo jingine. Hakuna aliyeelewa kitu. Najuta, mama. Sijutii kunyamaza. Najuta kwamba hatukumwendea mwenyekiti mapema, mimi na Eliamini, tukamweleza kuwa mtu huyu husema vizuri akipewa muda.

Kesho yake mama yake Eliamini, bibi mwenye upendo usio na breki, akaenda kwa mwenyekiti akalia: "Mwanangu akili yake haijatimia, mwonee huruma." Zamu ikatolewa palepale. Bibi akarudi na vigelegele. Asubuhi ya zamu nilipofika shambani, nilimkuta Eliamini amekaa kando ya mfereji na jembe lake, maji yanampita kwenda kwa jirani.

"Fungua, baba, mahindi yanakufa!" mama yake akamsihi.

Eliamini akayatazama maji yale. "Hayo ya huruma," akasema. "Mimi nilizoa tope."

Hakufungua. Mahindi yamekauka, ukipita katikati yanakwaruza kama karatasi. Inaniuma kila nikipita njia ile. Bibi hanisemeshi; anasema nimemharibia mtoto. Eliamini naye haji kikundini. Nilipomwendea alinipa kiti vizuri tu, akasema, "Dada, bado nafikiri." Sijui anafikiria kurudi mkutanoni au kuachana na sisi. Sikumuuliza mara ya pili.

Sasa, mama, lile la simuni. Uliniuliza kama naafiki kaka Chesco ahamie kwa shangazi Songea, kwa kuwa nguvu zako zimepungua. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Tangu utoto wangu, mgeni akimuuliza Chesco habari, tunajibu mimi na wewe: hajambo, ameshakula, hapendi kelele. Tunajibu kwa upendo, kama yule bibi. Nasikitika kwamba mpaka leo sijui yeye mwenyewe angejibu nini. Jibu la kuhama si langu, na samahani, mama, si lako pia. Muulize yeye, kisha ngoja, hata chai ipoe. Na akisema hataki, tutatafuta njia nyingine, mimi na wewe na yeye.

Nisalimie baba mdogo na mkewe, shangazi wa Songea akipita, katekista wetu, na jirani anayekuchotea maji. Waambie wote nawakumbuka.

Chesco usimpe salamu zangu. Jumapili mkitoka misa nitapiga. Mpe yeye simu, na wewe utoke nje ukaanue nguo.

Mwanao akupendaye,
Sesilia