Mlango wa Ghorofa ya Nne

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama mwili hajambo, moyo ndio sijui, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeanza kujitetea, nawe ungekata.

Kazini bado tunatengeneza programu za lifti, na kiti chako nimekikalia mimi. Usicheke. Vijana wapya wananiita mwalimu, maana nawafundisha maneno yale yale uliyonifundisha kwenye meza ya jikoni kwa vizibo vya chupa. Kijenzi ni kipande cha programu kinachojua kazi yake moja: kimoja cha mlango, kingine cha breki, kingine cha mota. Kiolesura ni pale vijenzi viwili vinapopashana habari bila kuchunguliana tumboni. Kizalishi kinasoma maelezo ya vijenzi vyote, kisha kinaandika chenyewe msimbo, yaani amri za kuiendesha lifti, unaoingia kwenye kile kisanduku kidogo juu ya lifti. Nilikuwa nayakariri yote bila kukosea, nawe ukanibandika jina la Kasuku, nami nikakubandika la Bisibisi.

Na ile sheria kubwa: msimbo ulioandikwa na kizalishi hauguswi kwa mkono. Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha kijenzi, halafu zalisha upya. Ukichomeka mistari yako humo ndani, siku ya kuzalisha upya itafutika yote. Wewe ndiye uliyenifundisha sheria hiyo, na wewe ndiye uliyekuwa ukiivunja. Tuligombana kwa ajili yake mbele ya bosi, nikakuita mzembe, na haukupita muda ukachukua kazi ya mbali, ukaondoka bila kuniaga. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ikapiga kambi. Kila Mama alipokutaja nilimwambia umetusahau, huna habari nasi. Yeye alikuwa anatabasamu tu, na tabasamu lile lilinichoma.

Sasa nikwambie kilichotokea. Mwezi uliopita lifti ya jengo la Mama ilifungiwa mota mpya ya mlango, ikabidi nizalishe msimbo wake upya. Kizalishi kikanionya kwamba faili la zamani lina mistari iliyoandikwa kwa mkono, kikauliza kama niendelee. Nilijua ni wewe, nani mwingine? Nikasema moyoni, huyu Bisibisi hakosi kuchokonoa kitu, nikabonyeza ndiyo. Sikusoma hata mstari mmoja, kaka.

Wiki hiyo hiyo Mama akaacha kushuka. Unajua alivyokuwa: asubuhi anajipaka mafuta, anavaa viatu vyake vya kutokea, anachukua fimbo, anateremka kwa lifti kutoka ghorofa ya nne mpaka chini. Nilipomkuta amekaa chumbani siku baada ya siku, hata pazia hajafungua, nilidhani ni goti. Nikamletea dawa ya kuchua. Aliipokea, akaiweka dirishani, na mpaka leo haijafunguliwa. Nilimuuliza kama anaiogopa lifti. Akasema lifti haina kosa, imechoka kumngoja tu, na hata watu huchoka.

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Nilirudi kazini, nikatoa nakala ya zamani tuliyoihifadhi, nikaisoma mistari yako kwa mara ya kwanza. Ilikuwa michache, na hukuweka hata neno moja la maelezo. Ikiwa ni asubuhi, na ikiwa lifti iko ghorofa ya nne, mlango usijifunge haraka. Ungoje mtu wa mwendo wa polepole. Niliinamisha kichwa mezani, vijana wakadhani nimesinzia.

Nilikwenda kwa Mama siku hiyo hiyo, nikamwambia mimi ndiye niliyefuta. Ndipo aliponiambia jambo ambalo nadhani hata wewe hulijui. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Fundi anayepaka grisi reli za lifti alimwambia, huku akicheka, kwamba mlango hauwezi kuwa na adabu kwenye ghorofa moja tu, lazima kuna mtu kaufundisha, na mtu huyo Mama anamjua vizuri. Kwa hiyo asubuhi zile zote, kaka, Mama hakuwa akienda popote. Hana shughuli huko chini, na kelele za barabarani hazipendi. Alikuwa anashuka na kupanda tena ili mwanawe amshikie mlango. Alisema simu hupigi, lakini kila siku ulikuwa unamngoja. Siku mlango ulipoibana fimbo yake, alirudi ndani akakaa kitandani, akajua basi, umemchoka.

Nimeapa kwamba ni mimi. Haniamini. Anasema nakufichia makosa yako kama nilivyokuwa nikifanya tulipokuwa wadogo. Mimi niliyekusema vibaya miaka yote, leo ndiyo naonekana nakutetea!

Mistari yako nimeirudisha. Safari hii nimeiweka ndani ya kijenzi cha mlango chenyewe, asije mtu mwingine akaifuta bila kusoma. Kila asubuhi lifti inasimama ghorofa ya nne, inafungua, inangoja, inafunga. Haingii mtu. Jirani wa ghorofa ya tano ameshaanza kununa.

Nisamehe kwa kukuita mzembe, na zaidi nisamehe kwa yale niliyokuwa nikimwambia Mama. Najuta, kaka, na majuto yangu hayamtoi chumbani. Wala sikuombi unipigie mimi. Omba ruhusa kazini, uje. Njoo asubuhi, upande mpaka ghorofa ya nne, umshikie mlango kwa mkono wako.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama hajui kama nimekuandikia; sikutaka kumwahidi kitu ambacho si changu.

Ni mimi mdogo wako,

Kasuku