Nafasi Yako ya Mlangoni

Mpendwa shangazi,

Najua huko Suguti umeshasikia, maana mdomo wa watu wa Mwigobero unaufahamu. Ndiyo, godauni letu la dagaa limekwisha. Mwenye nalo kalibomoa, anajenga loji ya wageni wanaotaka kulala wakiangalia ziwa. Nilisimama barabarani nikalia, wala sikuona haya.

Siku hizi kila ghala linakimbilia lami. Tumehamia Bunda, mbele kidogo ya Nyasura, kwenye yale mashamba tuliyokuwa tunayaona meupe kwa pamba. Sasa ni mabati tupu mpaka macho yanakoishia, na hata njia ya Butiama madalali wameshapachika vibao: shamba linauzwa, linafaa godauni. Nisiseme uongo, paa halivuji na lori linaingia mpaka ndani. Ila ziwa hulisikii kabisa.

Unakumbuka nilipojifungua Neema? Yule muuza saruji akaitaka sehemu yangu mle godauni. Ukachukua kigoda chako, ukakiweka katikati ya sehemu hiyo, ukakaa. Mwenye godauni alipokuja kufoka ukamwambia, "Mimi nilikuwaga hapa kabla hujaota ndevu. Mwenye sehemu yuko uzazini, atarudi." Niliporudi nikakuta hata ufagio wangu umeegemea palepale.

Basi huku Bunda wamechora sakafu mistari ya rangi kama uwanja wa netiboli, kila mtu na kisanduku chake cha kuweka magunia. Tulipogawana, kile cha mlangoni, penye hewa kama pale pako pa zamani, hakuna aliyekikanyaga. Msimamizi, kijana mpole tu, akauliza, "Hiki cha nani?"

"Kina mwenyewe!" tukaitikia wote.

"Yuko wapi?"

Nani angelitamka neno kiharusi? Mama Rhobi ndiye akasema, "Anaumwa, lakini anakuja."

Kodi yako tunachangiana, hilo lisikusumbue. Shida ni kwamba kijana anataka amwone mpangaji kwa macho yake kabla mwezi haujaisha, la sivyo anampa mwingine. Na watu wa saruji, si unawajua, wameshaanza kupitapita.

Nimeambiwa hutaki hata kutoka uani, unaona aibu kwa mkono usioinuka na mdomo uliopinda. Imeniuma sana. Aibu ya nini, shangazi? Sisi tunaonuka dagaa mpaka kanisani, tutamcheka nani? Mkono mmoja unatosha kabisa kunyooshea watu kidole, na hiyo ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya kuliko sote. Jumamosi nakuja na gari la kukodi. Usijifungie chumbani, nitavunja mlango. Utembee usitembee, utafika.

Kigoda chako nimehama nacho. Kila siku nakikalia katikati ya kisanduku chako, magunia yangu nayaangalia kwa mbali, na mgongo unaniuma kwelikweli. Njoo uniinue.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Mama Neema