Kisima cha Mwashi Kwenye Katalogi ya Serikali

Lodwar,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na wala si kitandani, na lile goti liwe limekupumzisha kidogo. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Joto la huku si kama letu. Kwetu mtu hutoka jasho akapata nafuu, huku jasho hukauka kabla hujaliona, na saa nane mchana wanafunzi wangu hulaza vichwa kwenye madawati, nami huwaacha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Mama, juzi simu uliikata. Sikukasirika. Lakini nina maneno nataka uyasome mwenyewe, polepole, miwani machoni, bila kunisikia nikilia. Mwalimu mwenzangu anashuka Mombasa kesho, na ameahidi kufika Junda akupe mkononi.

Ilianza Jumamosi mbili zilizopita. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha kompyuta nikitayarisha somo la jiografia. Watu wa huku huchimba visima kwenye mchanga wa mto uliokauka, nami nilitaka wanafunzi wajue namna ya kutafuta kama maji hayo yaliwahi kupimwa. Iko maktaba ya serikali Nairobi inayoweka ripoti za mazingira, na katalogi yake iko kwenye mtandao. Unaandika neno, inakwambia ina vitabu gani na viko rafu gani.

Nikaandika majina ya huku, yakaja mengi. Nikapata hamu ya kwetu. Nikaandika Junda. Hakuna kilichopatikana. Nikaandika visima vya Kisauni, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Hakuna. Basi kwa mzaha tu, kama mtu anayeandika jina lake kwenye vumbi, nikaandika: Kisima cha Mwashi.

Kikaja kimoja.

Niligeuka kutazama nyuma, mama. Sijui nilimtarajia nani. Jina hilo halijaandikwa popote. Ni jina la majirani tu, kwa sababu baba alikuwa mwashi na kisima alikichimba mwenyewe. Na sasa lilikuwa mbele yangu, katika maandishi ya serikali. Ripoti ya maji ya visima vya pwani, mwaka ule nilioanza shule. Chini yake, orodha ya visima vilivyopimwa. Vingine viliandikwa safi, vingine vichemshwe. Chetu kiliandikwa maneno mawili: sumu, kifungwe.

Jumatatu nikapiga simu maktaba. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaenda rafuni na kurudi.

"Ipo, mwalimu. Ni nyembamba. Nitakupigia picha kurasa zinazohusu kisima hicho nikutumie." Nikasikia akifunua kurasa. "Kuna na picha ya watu. Nikutumie pia?"

Nikamwambia nitumie.

Mama, ni uani kwetu. Ukuta haujapakwa chokaa bado. Mbele amesimama mtoto wa kike ameinua chupa ya maji mbele ya uso wake, amevaa lile gauni la manjano ulilonishonea kwa masalio ya pazia. Ni mimi. Nimekaa siku tatu nikijaribu kuikumbuka siku hiyo, na haipo. Sikumbuki wageni, wala chupa, wala kupigwa picha. Namtazama mtoto yule kama ninavyomtazama mtoto wa watu.

Nyuma yangu yuko baba. Hakutazama kamera. Amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja wazi, kama mtu aliyeamriwa aonyeshe. Mpiga picha hakutaka kisima, mama. Alitaka viganja.

Unavikumbuka viganja vya marehemu. Zile punje ngumu kama mtama, ambazo sote tulisema ni za saruji. Ripoti inasema si saruji. Inasema zamani, kabla hata ya nyumba, pale palikuwa na josho la kuogeshea ng'ombe, na dawa ya kuulia kupe ilizama ardhini ikabaki. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, na kuchemsha hakuitoi. Haiui kwa siku moja. Mtu hunywa miaka, na alama yake ya kwanza ni punje kwenye viganja na nyayo.

Mstari mmoja umenikaa. Aliyepima ameandika kwamba mwenye kisima aliuliza mara tatu kama waliokwisha kunywa watapona. Hakuandika alimjibu nini.

Baba alikichimba kisima kile kiwe sadaka ya marehemu bibi, mtaa mzima uchote. Basi sasa naelewa kwa nini alikifunika kwa zege, kisha akatuambia kina mwenyewe, jini. Akatuambia jini huyo huita watu kwa majina, na mtoto akisikia jina lake uani asiitike abee, aingie ndani. Ulimgombeza kwa kututisha. Shehe naye alimwambia haya si maneno ya Muislamu. Baba aliinamisha kichwa tu. Alikubali kuonekana mshirikina maisha yake yote kuliko kumwambia jirani kwamba sadaka yake ilikuwa sumu. Mimi simhukumu. Lakini hofu ile alikwenda nayo kaburini, na ndugu yangu Bakari alipolivunja lile zege mabomba yalipokauka, hakuna aliyebaki wa kumzuia. Sote tulicheka. Hata mimi nilicheka, kwa simu.

Na mwezi wa Ramadhani uliniambia kwa furaha, "Nduguyo amechukua mikono ya babake. Punje zile zile. Damu haipotei." Maneno hayo yalinirudia pale kwenye kompyuta, nikasikia baridi, saa nane ya mchana, Lodwar.

Nilimpigia Bakari kabla yako. Nikamwomba apige picha viganja vyake juani anitumie. Ilipofika niliiweka kando ya ile ya baba. Mama, sikuweza kujua mikono ipi ni ya nani.

Kwanza alibisha. "Dada, maji haya ni matamu kuliko ya bomba. Watu wanatoka hata Mtopanga kuyafuata."

"Wangapi wanachota, Bakari?"

Nadhani alikuwa akiwahesabu. Kisha akasema, "Mwanangu Rehema amekunywa tangu aachishwe ziwa."

Amesimamisha pampu ya kisima siku hiyo hiyo. Amepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu, jambo ambalo marehemu hakuliweza, na wapo waliomtukana. Sasa wananunua maji ya mkokoteni. Alhamisi alimpeleka Rehema hospitali, wamechukua mkojo na nywele, na daktari amesema mtoto akiachishwa maji hayo mapema mwili hujisafisha. Yeye mwenyewe anatakiwa arudi, huenda akatibiwa kwa muda mrefu.

Juzi alinipigia kunieleza hayo yote, nikadhani tumemaliza. Nikamuaga. Akasema, "Dada, ngoja. Na mama je?"

"Mama amefanya nini?"

"Mama anachota kisimani kwa ndoo tukitoka. Ya udhu, na ya chai. Anasema maji ya mkokoteni yananuka plastiki." Kisha akaongeza, "Na tangu mwezi uliopita anakula amejifunika leso mpaka kwenye vidole. Nikimnawisha anasema nimuachie birika."

Ndiyo maana nilikupigia juzi, na ndiyo maana ulikata.

Mama, mimi si wa kukuamrisha. Nakuomba tu. Ukimaliza kusoma hapa, toa mikono yako kwenye leso, iweke juu ya karatasi hii penye mwanga, na uitazame. Kisha mwite Bakari aitazame. Asikupige picha kama hutaki. Shule inafungwa Ijumaa, na Jumapili inshallah nitakuwa mlangoni. Jumatatu tunakwenda kwa daktari sote watatu, na mimi nitatangulia kuonyesha viganja vyangu, kwa sababu nami nilikunywa.

Nisalimie wifi yangu, mke wa Bakari, umwambie nguvu alizozionyesha wiki hii nimezisikia. Mbusu Rehema viganjani. Msalimie mama mdogo wa Bofu, na jirani yetu Bi Zuhura, na kama amekasirika na Bakari mwambie hasira zake aniwekee mimi.

Ndoo nimemwambia Bakari aiondoe uani. Ukiikosa, usimlaumu.

Nikubusuye mikono yote miwili,
binti yako,
Mwanaidi